Chupa iliyoshuka kutoka Amani

SWALI

Shikamoo Bibi. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 34, naishi Amani huku milimani, wilaya ya Muheza. Tangu Januari nimetibiwa UTI mara tatu. Mara ya kwanza nilipewa siprofloksasini ya siku tano duka la dawa. Mara ya pili nitrofurantoini. Mara ya tatu nitrofurantoini tena, pamoja na vipakiti vya unga unaofoka povu kwenye maji, nikaambiwa unapunguza asidi. Kila nikimaliza dozi napata nafuu wiki mbili, kisha mkojo unaanza kuchoma tena. Wifi yangu akasema mimi mwili wangu una asidi nyingi, akanishauri kila asubuhi ninywe kijiko cha chai cha bikaboneti, ile ya kupikia maharage. Nimeinywa siku kumi.

Juzi nikaamua kwenda mjini kupima. Nilikojoa saa 11 alfajiri kwenye chupa ya juisi niliyoisuuza, nikapanda gari la saa 12. Kwa foleni ilivyokuwa, chupa yangu ilipokelewa saa 5 kasoro. Karatasi inasema pH 8.5, chembe nyeupe mbili, naitraiti chanya, seli za ngozi nyingi. Dada wa dirishani akaniambia, "Mkojo wako ni alkali sana, ukiendelea hivi utapata mawe." Sasa nimechanganyikiwa. Kila mtu alikuwa ananiambia asidi imezidi, karatasi inasema kinyume chake. UTI inapandisha asidi au inashusha? Na hayo mawe ninayo?

Mama wa watatu, Amani

JIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilichukua kalamu nikapiga mstari chini ya saa ulizoandika. Umekojoa saa 11 alfajiri, mkojo umepokelewa saa 5 kasoro. Hapo katikati pana karibu saa sita za mkobani, garini na kwenye benchi la foleni. Nimekaa maabara miaka 31 kabla ya kustaafu, na ningeletewa chupa hiyo, hata kijiti cha kupimia nisingechovya. Ningekuomba ukajisaidie upya palepale.

Nakueleza kwa nini, kwa sababu jambo hili liliwahi kunikuta. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilipokea kikopo cha mama mjamzito saa 4 asubuhi. Siku hiyo damu za malaria zilikuwa nyingi, nikakiweka dirishani, nikakirudia saa 8 mchana. Kijiti kikageuka buluu, nikaandika pH 8.5, yaani alkali sana, na naitraiti chanya, alama ya vijidudu, na karatasi ikaenda wodini. Mkuu wangu akaniuliza swali moja tu: kikopo kilifika saa ngapi? Akanituma nikaombe mkojo mwingine. Ule mpya ulikuwa 6, naitraiti hasi. Nilikwenda kuichomoa karatasi ya kwanza kwenye faili kwa mkono wangu, daktari akiwa tayari ameshaanza kuandika dawa. Mama yule angetibiwa ugonjwa uliozaliwa dirishani kwangu. Tangu siku hiyo hakuna mkojo niliouamini kabla ya kujua umri wake.

Kinachotokea ni hiki. Mkojo una kitu kinaitwa urea, taka ya protini inayotengenezwa na ini na kutolewa na figo. Ndiyo hiyohiyo urea ya kwenye mfuko wa mbolea. Kama umewahi kuimwaga shambani juu ya udongo wenye unyevu bila kuifukia, umenusa ile harufu kali inayoingia hadi machoni. Ni amonia. Vijidudu vya udongo vina kimeng'enya kinachoitwa yureasi, nacho huipasua urea ikawa amonia na hewa ya ukaa, ndiyo maana mabwana shamba wanasisitiza kufukia. Nepi ya mtoto iliyolala na mkojo usiku kucha ni mfano mwingine: mkojo wa sasa hivi haunuki vile, ila ukikaa na vijidudu unakuwa amonia. Na amonia ni alkali. Kila inavyozidi, namba ya pH inapanda.

Kwa hiyo chupa ya juisi iliyosuuzwa tu, yenye vijidudu vyake na joto la Machi, ina kila kinachohitajika kupandisha namba bila wewe kuwa na tatizo lolote. Hata naitraiti inaweza kujitengeneza humo chupani, maana vijidudu vingi vinavyoogelea kwenye mkojo vinaigeuza nitreti ya chakula kuwa naitraiti. Hizo seli za ngozi nyingi nazo zinasema mkojo wa mwanzo uliingia chupani pamoja na vya nje ya mwili.

Hilo ni la kwanza. La pili ni bikaboneti yako na vile vipakiti. Kazi yake hasa ni kuufanya mkojo uwe alkali, na kwa hilo vinafanikiwa. Mtu mzima kabisa akinywa kijiko kila siku, mkojo wake unaweza kusoma 8. Kwa hiyo namba uliyoandikiwa imebeba chupa, imebeba bikaboneti, na huenda, nasema huenda, imebeba na kijidudu fulani. Karatasi peke yake haiwezi kutuambia ni kipi.

Sasa nijibu swali lako lenyewe, kwa sababu ni swali zuri kuliko wengi wanavyodhani.

Mkojo wa mtu mzima mwenye afya husoma kati ya 4.5 na 8, mara nyingi pale kwenye 6. Saba ni katikati, chini yake ni uchachu, juu yake ni alkali. Asubuhi huwa mchachu zaidi, baada ya chakula hupanda kidogo, mtu aliyefunga au aliyekula nyama nyingi hushuka, aliyekula mboga na matunda hupanda. Na hatua moja ya namba hizi si ndogo: aliyebuni kipimo hiki mwaka 1909 kule Copenhagen, Søren Sørensen, alikipanga kwa kuzidisha kumi kwa kila hatua. Mkojo wa 5 na mkojo wa 8 umepishana uchachu mara elfu moja.

UTI nyingi hazigusi namba hiyo. Kijidudu kinachosababisha karibu robo tatu au zaidi ya UTI za kawaida za wanawake ni E. coli, mkazi wa utumbo wetu. Huyo hana yureasi. Anaweza kujaa kibofuni, mkojo ukachoma, ukanuka, ukawa na usaha, na kijiti kikasoma 5.5 au 6 kama cha mtu mzima wa afya. Ndiyo maana nakasirika nikisikia mtu kaambiwa "pH yako ni sawa, huna UTI", au "pH imepanda, una UTI". Wote wawili wamedanganywa na mraba mmoja wa rangi kwenye kijiti.

Lakini wapo wachache wanaokuja na yureasi yao. Mkubwa wao ni Proteus mirabilis. Baadhi ya Klebsiella wanayo pia, na Staphylococcus saprophyticus anayewapata wanawake vijana. Huyu Proteus ndiye niliyemwogopa zaidi kazini. Ukimwotesha kwenye sahani ya damu, chakula chetu cha kuoteshea vijidudu maabara, hakai kituo kimoja kama wenzake. Anatambaa, anasimama, anatambaa tena, na asubuhi unakuta amechora duara juu ya duara, kama mistari ya maji kupwa kwenye mchanga wa Raskazone, pwani ya Tanga. Ukimtia kwenye kichupa cha urea chenye rangi ya manjano, saa chache tu kimegeuka waridi iliyokoza. Anachokifanya kichupani ndicho anachokifanya kibofuni: anapasua urea, anamwaga amonia, na mkojo ungali ndani ya mwili unafika 8 na zaidi.

Hapo ndipo habari ya mawe inapoingia, na dada wa dirishani hakukosea kwa upande huo. Mkojo ukiwa alkali kiasi hicho, magnesiamu, fosfeti na amonia haviwezi tena kukaa vimeyeyuka. Vinashikamana na kuwa jiwe liitwalo struvaiti. Linakua ndani ya wiki au miezi, linajaza vyumba vya figo na kutoa matawi. Niliwahi kuonyeshwa eksirei ya mzee mmoja aliyezunguka na "UTI sugu" kwa karibu mwaka mzima. Figo yake ya kushoto ilikuwa na kitu kama tangawizi nzima ya sokoni, na vidole vyake vyote. Mikojo yake yote tuliyopima, mibichi kabisa, ilikuwa 8 au 8.5, na hakuna aliyekaa akazipanga karatasi zile pamoja. Dawa zilimpa nafuu kisha ugonjwa ukarudi, kwa sababu vijidudu vilikuwa vimejichimbia ndani ya jiwe, ambako dawa haifiki. Alipona lilipotolewa jiwe.

Mwanangu, sisemi wewe unalo. Nasema historia yako ya mara tatu ndani ya miezi michache inatosha kuuliza.

Na kuna jambo jingine kwenye barua yako lililoniuma kuliko yote. Nitrofurantoini ni dawa nzuri ya kibofu, lakini hufanya kazi vizuri mkojo ukiwa mchachu. Wewe umepewa dawa inayotaka uchachu, na papo hapo ukapewa unga wa kuondoa uchachu, na nyumbani ukaongeza kijiko cha bikaboneti. Mkono mmoja unajenga, mwingine unabomoa. Tena, kama kijidudu chako ni Proteus, nitrofurantoini haimwezi tangu kuumbwa kwake. Usugu huo ni wa asili, haukusababishwa na wewe kuruka dozi. Unaweza kuimeza kwa uaminifu hadi kidonge cha mwisho na yeye akawa palepale.

Bikaboneti iache leo. Kijiko kimoja cha chai kina sodiamu zaidi ya gramu moja, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 2 kwa siku kutoka vyakula vyote. Mwenye presha, mwenye moyo au figo dhaifu, na mjamzito, kijiko hicho kinaweza kumpeleka wodini. Mwambie wifi kwa upole, alitaka kukusaidia.

Kuhusu kuchoma: wengi wanaamini mkojo unachoma kwa sababu ya asidi. Chukua ndimu uikamulie kwenye kiganja kizima, haikufanyi kitu. Ikamulie kwenye mkwaruzo, utaruka. Na ndimu ina uchachu wa karibu 2, mkojo wako haukaribii hapo hata siku moja. Kinachochoma ni ngozi laini ya kibofu na mrija iliyovimba na kuchubuka kwa maambukizi. Wapo wanaosema vile vipakiti vinawapa nafuu, na siwabishii wanachokihisi, lakini ushahidi wake ni hafifu na haviui kijidudu.

Fanya hivi. Acha bikaboneti na vipakiti, na baada ya siku mbili tatu nenda ukapime, ukiwa hujameza antibayotiki yoyote. Usibebe chupa kutoka nyumbani. Omba kikopo kisafi hukohuko, nawa, tanua, mkojo wa mwanzo uende chooni, wa katikati ndio uukinge. Kama ulikaa na mkojo kibofuni kwa saa nne hivi kabla ya hapo, ni bora zaidi, kwa sababu naitraiti inahitaji muda kujitengeneza. Mpe mhudumu mkononi na umwambie saa. Mkojo unatakiwa upimwe ndani ya saa moja, zikizidi sana mbili. Wakichelewa wauweke kwenye friji. Kisha sema neno hili: naomba mkojo wangu uoteshwe. Kipimo cha kuotesha kinachukua siku moja hadi mbili au tatu na kinagharimu zaidi ya kijiti, najua, na gari la Amani nalo ni pesa. Lakini umeshalipia dozi tatu. Kuotesha kutakupa jina la kijidudu na orodha ya dawa zinazomuua.

Ikiwa mkojo mbichi umesoma 8 au zaidi tena, au aliyeota ni Proteus, omba ultrasaundi ya figo na kibofu. Ikiwa umesoma 6 na aliyeota ni E. coli, lala usingizi kuhusu mawe ya aina hii, utibiwe kwa dawa iliyoonyeshwa. Na kama kabla ya siku hiyo utapata homa, kutetemeka, kutapika, au maumivu ya ubavuni chini ya mbavu, au ukigundua una mimba, usisubiri siku mbili wala tatu. Nenda siku hiyohiyo, na dawa zozote ulizonazo uzipeleke mkononi daktari azione.

Niandikie majibu yakitoka.

SWALI

Bibi, mimi ni kijana wa Mombasa, miaka 26. Mkojo unanichoma, nami nasikia vijidudu vya UTI havipendi asidi. Basi nakunywa maji ya ndimu glasi nne kwa siku, mkojo uwe mchachu viuawe. Nafanya sawa?

JIBU

Umeanza na kweli, ukaishia pengine. Ni kweli baadhi ya vijidudu husumbuka kwenye mkojo mchachu sana. Lakini uchachu wa ndimu haufiki kibofuni ukiwa uchachu. Asidi yake huunguzwa mwilini, na kinachobaki, kiitwacho citrati, hugeuka bikaboneti. Mkojo wako unaelekea alkali, kinyume na ulivyokusudia. Ndiyo sababu madaktari huwapa citrati baadhi ya wagonjwa wenye mawe ya asidi ya yuriki, ili kuupandisha mkojo kidogo mawe yayeyuke. Vitamini C nayo, kwa dozi watu wanazomeza, haiubadilishi mkojo kwa kiasi cha kutegemewa.

Maji uliyochanganya na hiyo ndimu ndiyo yenye faida: yanakufanya ukojoe mara kwa mara na kuvisukuma vijidudu nje. Endelea nayo.

Ila nina neno zaidi kwako. Mwanamume wa miaka 26 kupata UTI si jambo la kila siku kama ilivyo kwa wanawake, ambao mrija wao ni mfupi. Kwako kuchoma kunaweza kuwa kisonono au klamidia, na hayo hayaonekani kwenye mraba wa pH. Nenda kliniki upimwe, usione haya, na kama una mwenzi naye aje.

SWALI

Shikamoo. Baba mkwe wangu ana miaka 78, tezi dume imemziba, anatumia mpira wa mkojo. Kila baada ya siku nane au tisa mpira unaziba. Ukitolewa, ncha yake ina kitu cheupe kama chokaa, na mkojo unanuka amonia kabisa. Jirani anasema tuusafishe kwa siki kupitia mpirani. Tufanye?

Mkwe, Korogwe

JIBU

Marahaba. Msifanye. Msisukume siki, wala ndimu, wala maji ya chumvi ya jikoni kupitia mpira huo. Mtachubua kibofu na kuingiza vijidudu vipya.

Hiyo chokaa ni ndugu wa lile jiwe nililomweleza mama wa Amani hapo juu, fuwele za struvaiti na fosfeti ya kalsiamu zilizoganda juu ya mpira kwa sababu mkojo umekuwa alkali ndani ya kibofu. Karibu kila mara anayehusika ni Proteus. Anajenga utando juu ya mpira, anajificha chini yake, na fuwele zinapanga safu hadi tundu linaziba. Antibayotiki peke yake haitamwondoa mpira ukiwa uleule.

Mpelekeni mpira ubadilishwe. Mkojo wa kuotesha uchukuliwe kutoka mpira mpya, wala usitoke kwenye mfuko, maana wa mfukoni umeshalala na kuharibika kama nilivyoeleza. Omba pia ultrasaundi ya kibofu. Mzee ambaye mpira wake unaziba haraka hivi mara nyingi ana jiwe humo, na likibaki, kila mpira mpya utaziba vilevile. Muulizeni daktari kama tezi inaweza kutibiwa ili aachane na mpira kabisa. Wakati mnasubiri, anywe maji ya kutosha kama moyo na figo zake zinaruhusu, na mfuko ukae chini ya kiuno chake daima, usiku pia.

Andikeni ukutani tarehe ya kila mpira unapowekwa na unapoziba. Daktari akiona tarehe tatu nne zimefuatana atajua siku ya kuubadilisha kabla haujaziba. Na siku mkiona mfuko umekaa mtupu saa mbili tatu na tumbo la chini limejaa na linauma, au akipata homa na kuanza kuweweseka, mtoeni usiku huohuo.